Kona ya Reli

Uwanja wa mashindano ya magari wa Tolliver, kule milimani Carolina Kaskazini, ulikuwa na umbo la papai: upande mmoja mpana, mwingine umebanwa, kwa sababu reli ilipita nyuma yake na wenye reli walikataa kuuza hata unyayo mmoja wa ardhi. Dereva mgeni aliyeingia kona ya reli kwa mwendo wa kona nyingine alikula ukuta. Kwa hiyo wageni walimtafuta kwanza mume wangu, Verlin Stamey, awatembeze uwanja kwa miguu.

Verlin alikimbiza magari pale miaka kumi na minne, kisha akawaongoza wengine kwa ishirini. Aliwaonyesha nyufa za lami, mahali mafuta huganda, mahali gari huanza kuteleza kuufuata ukuta. Malipo yake yalikuwa mfuko wa karanga za kuchemsha.

Mwaka 1983 macho yake yalianza kufa. Daktari alisema hayatarudi. Aliniomba nisimwambie mtu, nami sikumwambia. Nilimpeleka kwa gari mpaka getini, akatembea kwa kumbukumbu, akihesabu hatua kimoyomoyo, na hakuna aliyegundua.

Masika ya 1986 alikuja Carlene Buff na baba yake, Royce. Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili, na gari lake alilitengeneza mwenyewe. Dereva mmoja aliyeegemea uzio akamwambia, "Dada, jiko liko upande ule."

"Nimetoka huko," akajibu. "Nimemkuta mkeo anakusema."

Verlin alicheka mpaka akakohoa. Akamtembeza uwanja mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Walipofika kona ya reli akanyoosha mkono.

"Alama nyeupe ukutani unaiona? Usiguse breki kabla yake, wa nyuma watakupanda. Ukiifikia tu, kanyaga, kata kushoto. Usisali, muda huo haupo."

"Kwenye alama nyeupe," akarudia.

Nilikuwa nyuma yao pamoja na Royce, nimeshika koti la Verlin. Majira ya baridi yaliyotangulia ukuta ulipakwa rangi upya, na alama ikachorwa hatua kama kumi na tano mbele ya pale pa zamani, karibu zaidi na kona. Niliiona. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ningesema, Royce angejua kwamba mume wangu anaonyesha asichokiona. Nikajiambia binti atagundua mwenyewe kwenye mazoezi, kama wote wanavyogundua.

Mizunguko miwili alikwenda taratibu. Wa tatu akaliachia gari. Alisubiri alama kama alivyoambiwa, akakanyaga breki pale pale, na ukuta ulikuwa umeshafika. Verlin aligeuza uso kuelekea kishindo.

"Nani huyo? Nadine, nani huyo?"

Carlene hakufa. Miguu yake ndiyo haikurudi.

Siku ya tano Verlin alitaka nimpeleke hospitali. Alimweleza Royce kila kitu kuhusu macho yake pale koridoni, amesimama, kofia mkononi.

"Tangu juzi anakutetea," akasema Royce. "Anasema ulimwelekeza vizuri, kosa ni lake. Ingia ukamwambie mwenyewe."

Aliingia peke yake, akipapasa ukuta. Hakukaa. Alipotoka nilimuuliza binti amesema nini.

"Ameniuliza kama nilipata kuuona uso wake, hata siku moja. Nimemwambia sikuwahi."

Nikiwa kwenye usukani, njiani kurudi, nilimwambia habari ya alama. Tulivuka daraja.

"Uliiona," akasema.

"Niliiona."

Akaniomba nisimamishe gari. Akashuka, akaanza kutembea pembezoni mwa barabara, mkono mmoja mbele, mguu ukitafuta majani ili asipotee. Nilimwita. Nilimsihi. Nikabaki kumfuata polepole, taa zikiwaka mchana, magari yakitupigia honi, maili mbili hadi nyumbani. Alianguka mara moja. Niliposhuka kumwinua alisubiri nirudi garini, ndipo akaondoka.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Hajawahi kunitukana wala kuniuliza kwa nini. Tunakula meza moja. Akitaka chumvi huipapasa mwenyewe, polepole, mpaka aipate.