Sukari Aliyoikataa Pantaleo

Mwezi wa pili wa dozi ya kifua kikuu, Pantaleo alizidi kukonda. Bintiye Serafina, anayefanya kazi maabara mjini Shinyanga, alifika nyumbani Maganzo Jumamosi asubuhi, akamkuta barazani, shati limemning'inia kama la kuazima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Karibu, mama."

Mama alileta uji wa ulezi. Serafina alionja, akakunja uso. "Mbona hauna sukari?"

"Muulize baba yako. Hata viazi vitamu hagusi. Anasema wewe ndiye uliyemkataza."

Serafina alishtuka, akaikumbuka ile simu. Baba alikuwa amemuuliza mwili unamjuaje mdudu wa TB, naye, sampuli zikimsubiri, akajibu mbiombio: "Ana sukari kwenye ngozi yake. Seli za kinga zinamtambua kwa hiyo." Halafu akakata.

"Nikaona nisimlishe huyo mdudu," Pantaleo alisema taratibu. Miaka kumi na tisa alishinda kwenye mashimo ya dhahabu kule Rwamgasa, akivuta vumbi la mawe, kujinyima alikuzoea. "Nikishinda njaa mimi, na yeye ashinde."

Machozi yalimlenga Serafina. Alisogeza kigoda, akamshika mkono.

"Nisamehe, baba. Nilikueleza nusu. Sukari hiyo si ya kwenye chai. Mdudu anaitengeneza mwenyewe, kajifunika nayo. Seli zako nazo zina sukari zake, ila zimepangwa vingine. Zile seli zinazokulinda zina vipokezi, kama vidole. Zikipapasa sukari ya mwili wako, zinapita. Zikipapasa ya mdudu, zinamkamata na kummeza."

"Mbona basi naumwa, kama anamezwa?"

"Huyu ni mbishi. Akishamezwa anaishi humohumo ndani. Ndiyo maana unakunywa dawa. Lakini seli zinazopigana zinataka chakula."

Pantaleo aliuangalia mkono wa binti juu ya wake. "Kumbe nawanyima wanaonipigania."

"Kosa ni langu, baba."

"Wewe ulikuwa kazini." Akakohoa, akageuka. "Mama Serafina! Sukari bado ipo?"

Mama alitia vijiko viwili, akakoroga. Pantaleo akanywa mpaka tone la mwisho, akaomba tena.

Alipomaliza dozi, miezi minne baadaye, makohozi yalikuwa safi na alikuwa ameongezeka kilo nane. Hakurudi Rwamgasa. Alipanda choroko nyuma ya nyumba, na Serafina akaomba likizo kwenda kuvuna naye.