Pambo la Keki Yangu

Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na pambo lake kwenye keki ndogo, ili wasigombane. Kifungua mimba, binti yangu, nilimchorea ua la waridi. Wa pili alitaka chengachenga za sukari za rangi, zimwagike mpaka mezani. Kitinda mimba alitaka jicho moja na mdomo mkubwa, akisema huyo ni mwalimu wake. Baba yao, Mungu amrehemu, aliomba krimu nyeupe tupu, halafu anadokoa za wenzake.

Leo nimeoka peke yangu. Nikajaza krimu kwenye mfuko, nikakata ncha, na kufumba na kufumbua nimeshachora waridi, jicho na mdomo, na chenga nimeshamwaga. Nani atazila? Kuta?

Nikazikwangua zote kwa hasira. Leo napamba yangu, nikasema. Nikabaki nimeshika mfuko kama mgeni jikoni kwangu mwenyewe. Pambo langu lilikuwa lipi? Kumbe mimi siku zote nilikula ile iliyoungua, hukohuko jikoni, wasiponiona.

Nikampigia simu binti yangu. "Mwanangu, hivi mimi napenda pambo gani kwenye keki?"

Nyuma yake nikasikia watoto wake wakigombania kitu.

"Lakini mama," akasema, "wewe si hupendi keki?"

"Ee, kweli mwanangu. Nilisahau."

Nikakata simu, nikala tatu mfululizo, bila pambo, nimesimama palepale.