Taa Iliyowaka Bure

Mihayo alijivunia mikono yake, wala hakuficha. Juu ya mlango wa kibanda chake pale Mkuyuni aliandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA KISICHOTENGENEZEKA. Chuo hakukiona. Alijifunza kwa kufungua redio za watu na kuziunguza mpaka zikaacha kuungua. Kwa hiyo viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kuota Nyakato, na kimoja kikamletea redio koli nne za kwenye boti, alizipokea kama mtu aliyepewa haki yake.

Lalamiko lilikuwa moja. Ukitaka kuongea, redio inakusubirisha, wakati mwingine dakika nzima, mpaka taa ya kijani iwake. Manahodha hawakuwa na subira hiyo, maana boti za kiwanda kingine zilikuwa zinawawahi kununua samaki visiwani.

Sababu Mihayo aliijua. Ndani ya redio kuna mapigo mawili. Moja linatoka kwenye kristali, nalo haliyumbi. La pili ndilo linalobeba sauti, na hilo hutangatanga kama mpiga kasia mgeni, hivyo saketi hulivuta na kulirudisha mpaka yote mawili yaende pamoja. Kisha kuna kijisehemu ambacho kazi yake ni kuangalia tu. Mapigo yakishikana, kinawasha taa na kuruhusu sauti itoke; yakiachana, kinazuia. Betri za boti zilikuwa zimechoka, na mapigo yalichelewa kushikana. Dawa yake ilikuwa betri mpya na kazi ya siku mbili kwa kila redio.

Mihayo akakata mguu mmoja wa kile kijisehemu, akachomelea waya mfupi. Taa ikawa inawaka papo hapo. Kibandani, kwenye umeme mzuri, redio zote nne zilisikika safi.

"Wenzangu wangekaa nazo wiki," alimwambia meneja. "Mimi nimetumia asubuhi moja."

Wiki ya tatu, injini ya boti ya nahodha mmoja, mzee Ogweno, ilizimika karibu na kisiwa cha Maisome, na upepo ukaichukua siku mbili kabla wavuvi hawajaikuta. Samaki walioza wote. Mpishi wa boti alilazwa hospitali, jua lilikuwa limempiga vibaya. Kesho yake saa nne wote waliitwa ofisini kwa meneja, na Mihayo pia.

"Niliita," alisema Ogweno. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Jibu sikulipata, lakini taa ilikuwa kijani. Mitumbwi miwili ilipita, wenzangu wakataka kupunga shati. Nikawakataza. Nikasema tumeshasikika, tusisumbue watu na kazi zao."

Meneja alimgeukia Dorotea, aliyekuwa akikaa kwenye redio ya kiwandani. "Kwa hiyo ulilala."

"Sikulala. Nilikuwa nasikiliza muda wote. Hakuna aliyeita."

"Mzee anasema uongo?"

Dorotea alitikisa kichwa. Meneja akasema, "Fundi, redio ya boti ilikuwa nzima?"

Neno lilitoka kabla Mihayo hajalipima. "Nzima."

Dorotea alitoa funguo za chumba cha redio, akaziweka mezani. Hakumtazama Mihayo kwa hasira, na afadhali angemtazama hivyo. Alikunja uso kama mtu anayejikagua.

"Labda nilisinzia," alisema polepole. "Kama fundi anasema ilikuwa nzima, basi labda nilisinzia."

Mihayo alihisi masikio yakiwaka moto. Alitaka sakafu immeze, lakini sakafu ilibaki pale pale, na yeye juu yake.

"Hakusinzia," alisema. "Mimi ndiye niliyeharibu."

Alieleza, akiangalia viatu vyake: ule mguu aliokata, ule waya. Sauti ya mzee ilikuwa inatoka, ila ilitangatanga mahali ambapo hakuna aliyesikiliza.

Ogweno alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa taa ilikuwa inaniambia nini siku mbili zile?"

"Haikuwa inakuambia kitu, mzee. Ilikuwa inawaka tu."

Halafu mzee akauliza, "Umefanya hivyo redio ngapi?"

"Zote nne."

Dorotea alikuwa ameshanyakua funguo. Wakamfuata chumba cha redio, akaita boti zilizobaki moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikajibu, ya pili ikajibu. Ya Kashindye, iliyokwenda kisiwa cha Kome, haikujibu.

"Ita tena," alisema Mihayo.

"Nimeita mara sita. Wewe ndiye unayejua kama ananijibu."

Ogweno alisimama. "Kuna boti ya akiba. Twende."

Njia nzima mzee hakuongea naye. Mihayo alitapika mara mbili pembeni mwa boti, na hakuna aliyemcheka. Alasiri wakaiona boti ya Kashindye imefungwa mwaloni Kome, ufukweni wanakoshushia samaki, nzima kabisa, na Kashindye mwenyewe akipima sangara huku akibishana na wauzaji.

"Aa, fundi! Umetufuata mpaka huku?" Kashindye aligeukia watu wake. "Huyu ndiye aliyeitia redio yetu akili. Mpeni mkono."

Walimzunguka, mikono yao ikinuka samaki, wakicheka. Mihayo alimtazama Ogweno, akingoja labda atasema yeye. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa boti, akimtazama tu.

"Msinipe mkono kwanza," alisema Mihayo, na ikabidi aanze kueleza upya.