Moto wa Chini wa Fundi Vuai

Ndoto ya mtu ni mali yake, lakini hii mwenyewe kaniruhusu niitoe, tena kwa kunihimiza, basi mwenye kutaka kununa na anune. Nitaisimulia kama nilivyopewa. Nikitia chumvi, itakuwa ya kukoleza tu.

Kama hamumjui Fundi Vuai, ni mpishi wa shughuli huku kwetu Wete, mtu wa miaka arubaini kasoro, na mkono wake una utamu ambao hakufundishwa na mtu. Lakini kichwa chake, jamani! Kichwa kile hakikai. Akitumwa chumvi hurudi na panga. Akianza kumenya vitunguu huviacha nusu akaenda kutengeneza mlango, na mlango akauacha nusu akaenda kumwamkia jirani. Tangu utotoni ameitwa mvivu, ameitwa kichwa maji, ameambiwa kachezewa na jini, na yote hayo aliyaamini. Mwezi uliopita ndipo alipokwenda kuonana na mshauri wa hospitali, Bi Nasra, akaambiwa kwamba hali yake ina jina, inaitwa upungufu wa umakini, mtu huzaliwa nayo na akazeeka nayo, na wala si uvivu wala si jini. Bi Nasra akapanga wawe wanaonana kila baada ya wiki mbili, akampa na karatasi ya mambo ya kujitunza siku hadi siku. Vuai aliipokea kwa mikono miwili. Kesho yake akaiwashia moto jikoni, kwa kupitiwa tu.

Sasa Alhamisi moja palikuwa na hitima, na Vuai ndiye mpishi. Mnajua pilau ya shughuli inavyomalizwa: maji yakishakauka, mpishi huchomoa kuni chini ya sufuria, kisha hupalia makaa juu ya mfuniko, wali ukaivia kwa moto wa juu. Vuai alipalia makaa juu, vizuri kabisa. Alipoinama kuchomoa kuni akasikia kipaza sauti cha msomaji kinakoroma, akasema, ngoja nikakitazame mara moja. Akakitazama, akakifungua, akakifunga, kikalia vizuri kuliko siku kilipotoka dukani, watu wakamshukuru, na ndipo harufu ilipofika. Moto juu, moto chini! Sufuria tatu ziliungua, wali wa juu kabisa ukanuka moshi, na wageni mia mbili wakala mkate na chai.

Na Jumapili ilikuwa harusi ya Salha, binti wa Raya, dadake Vuai wa tumbo moja. Salha tangu ana meno ya utoto alikuwa akisema, harusi yangu atapika mjomba. Wazee wa ukoo walikaa mchana ule ule wakataka upishi apewe Fundi Chande, ambaye huku kwetu hakuna aliyewahi kuonja chakula chake kikiwa kimeungua. Raya akawasihi wamwachie kakake aseme mwenyewe, atapika au hapiki, na jibu lipatikane kabla ya magharibi. Maskini ya Mungu, Vuai jibu alikuwa nalo tayari. Angesema hapiki, si Jumapili tu bali maisha, na sufuria zake angezigawa. Akajinyoosha kwenye mkeka barazani baada ya sala ya alasiri, saa ambayo wakubwa wetu wanakataza mtu kulala, wanasema huleta wazimu. "Wazimu ninao tayari," akajisemea, akafumba macho, na usingizi ukamchukua kabla hajamaliza kulia.

Akajiona yumo katika nchi nyeupe ya jua la utosini, nchi isiyokuwa na kivuli hata cha mtu mwenyewe, na kichwani kabeba sufuria kubwa iliyofunikwa, nzito ya kukunja shingo. Mbali, juu ya kilima, palikuwa na nyumba iliyopambwa kwa makuti na maua, na akajua, maana ndotoni mtu hujua bila kuambiwa, kwamba Salha yumo ndani anangoja, na sufuria ile ni ya harusi yake. Njia ilikuwa moja tu. Nayo ilipita katikati ya Soko la Mara-Moja, soko lenye milango elfu, na kila mlangoni kasimama mtu anaita, "Njoo mara moja, Fundi! Mara moja tu!" Huku redio zilizopasuliwa matumbo zinangoja mkono wa kuzifunga, huku ugomvi mtamu wa majirani umefika pazuri, huku mtu anauza biashara mpya ambayo ingeutajirisha ukoo mzima kama angeianza leo. Vuai akaingia mlango wa kwanza, akatokea wa tano, akaingia wa tisa. Kila alipotoka aliikuta nyumba ya Salha imezidi kuwa mbali.

Mlango wa arubaini ulikuwa wa Bwana Baadaye, mnene, mcheshi, amekaa juu ya mito anakata halua. "Karibu, karibu, kaa upumzike hapa!" akasema. "Mchana bado mbichi, unakimbilia wapi? Kazi nzito hungojewa mpaka moyo uitake." Vuai akakaa. Akala halua, wala hakuisikia utamu, kwa sababu alikuwa akilitazama jua kwa pembe ya jicho, na jua, wallahi, lilikuwa linakimbia. Alipotaka kuinuka akaona magoti hayamtii. Hilo nalo analijua sana macho wazi: kukaa mbele ya kazi anayoipenda, kuitaka, na mwili ukakataa. Watu humwambia si uinuke tu. Wao hawajui.

Ndipo akachapwa ufito wa mgongo. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu aliyejitanda nguo zinazonuka moshi. "Inuka, mvivu!" akafoka. "Watu mia mbili wamekula mkate kwa ajili yako! Vitunguu vya mwaka juzi vilioza, kupiga deki kwa mama hukumaliza, arusi ya Khatibu ulifika watu wananawa mikono! Niendelee?" Huyo ni Aibu. Vuai akainuka, akaenda hatua kumi, akaanguka chini ya uzito wa sufuria, akachapwa tena. Lakini hakumchukia. Alifikiri, heri yupo, bila yeye nisingekwenda kabisa. Miaka thelathini alikuwa akifikiri hivyo.

Ikalia filimbi. Katikati ya njia alisimama mwanamke wa makamo, mfupi, kajifunga kanga juu ya suruali ya michezo, filimbi shingoni, mikono kiunoni. Angekuwa Wete ungesema kocha wa timu ya mtaa. "Mimi Bi Hatua," akasema. "Unakwenda wapi, baba?"

"Shikamoo, bibi. Nakwenda kule kilimani, kwenye harusi."

"Marahaba. Sikukuuliza harusi. Nimekuuliza mguu huo uliouinua unauweka wapi."

Vuai akatazama chini. Hakuwa amewahi kuulizwa swali dogo namna ile. "Pale," akasema, "kwenye lile jiwe."

"Basi nenda kwenye lile jiwe. Kilima usikitazame, kitakutia kiwewe. Mtu mwenye kichwa chako akiambiwa 'pika harusi' huona ukuta. Akiambiwa 'osha mchele huu' huona mchele. Umekula?"

"Toka asubuhi sijala."

"Ala! Umelala?"

"Siku mbili hizi, saa tatu tatu."

"Na unashangaa akili haikusikii!" Akatoa muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko wa suruali, akamsimamia mpaka akaumaliza, akamnywesha na maji. "Kichwa chako kina mbio kuliko vya wenzako, na chenye mbio hula zaidi. Kulala, kula, kutembea kidogo mwili utoke jasho, hayo si anasa, baba. Hizo ndizo kuni zenyewe."

Wakaenda, jiwe kwa jiwe. Milango iliendelea kuita, na Vuai shingo ikaendelea kugeuka, hakuna miujiza hapo. Bi Hatua hakumgombeza hata mara moja. Kila shingo ilipogeuka alipuliza filimbi kidogo na kuuliza, "Jiwe lipi?" na Vuai akalitaja, akarudi njiani. Redio moja ilimshinda kabisa, mkono ukawa unawasha. Bi Hatua akampa kipande cha mkaa, akamwambia aandike mlangoni "redio, baada ya harusi," aende zake. Akaandika. Ajabu, mkono ukatulia, kwani kilichokuwa kinamwasha ni hofu ya kuisahau.

Kisha akamwita mtu aliyekuwa ameketi pembeni anamenya kitunguu thaumu, mtu mkimya, hana hata neno. "Huyu ni Mwenza," akasema Bi Hatua. "Atatembea ubavuni kwako."

"Atanibebea sufuria?"

"Habebi kitu. Yupo tu."

Vuai alitaka kucheka. Lakini Mwenza alipoinuka akatembea naye, akimenya thaumu zake taratibu, makelele ya soko yalishuka nusu, na miguu ikashika njia kwa namna ambayo Vuai hakuijua maishani mwake. Hakuelewa kwa nini. Akaona haya kwamba jambo dogo hivyo linamfaa mtu mzima, na mara ile ile ufito ukamwangukia mgongoni.

"Mtu mzima anatembezwa!" Aibu alipiga kelele. "Chande unamwona anashikwa mkono? Chande anapika peke yake!"

Walikuwa wamefika kwenye daraja la mti mmoja chini ya kilima. Aibu akasimama mbele, akasema na yeye avushwe, apandishwe mabegani juu ya sufuria, kwa kuwa bila yeye Vuai hatafanya lolote. Na Vuai, msinicheke, aliinama ampandishe.

Filimbi ikalia kwa nguvu. "Vuai! Leo mchana, kuni zilipokuwa zinawaka chini ya sufuria, ulikuwa umeinama kuzichomoa. Huyu Aibu alikuwa wapi? Alikwambia, 'Fundi, moto wa chini'?"

Vuai akafikiri. Akalitafuta jiko lile lote akilini mwake, mafiga, kuni, mfuniko, makaa. "Hakuwepo," akasema polepole. "Alikuja baada ya harufu."

"Na vitunguu vilivyooza?"

"Baada ya harufu."

"Na arusi ya Khatibu?"

"Bibi wee," akasema Vuai, na machozi yakamtoka, "huyu mwanamke hajapata kufika kabla hata siku moja! Miaka thelathini namlisha, hajanikumbusha hata chumvi!"

"Ndiyo hivyo. Ulidhani umeajiri mlinzi, kumbe umeajiri mpiga yowe. Usimpige, hana kwao. Mwekee kigoda huku ng'ambo akae, lakini jikoni asiingie. Jikoni mwite anayefika kabla."

"Nani anayefika kabla?"

"Yeyote aliye hai, mwenye masikio, utakayemwomba kwa kinywa chako." Akamtazama Mwenza, ambaye alikuwa bado anamenya. "Hapo ndipo pagumu, mimi sikufichi. Mawe ni rahisi. Kuomba kunaunguza koo."

Vuai akakanyaga mti. Ukayumba. Akasikia anaitwa, "Kaka! Kaka!" akafumbua macho, akamwona Raya kamwinamia, ushungi umemteleza kwa haraka.

"Nani analala saa hizi, ewe Vuai? Wazee wananingoja. Nimekuja kwa jibu. Na ukisema hupiki sitakulaumu, ndugu yangu, nitalia kwangu."

Vuai akakaa kitako. Ndoto ilikuwa bado imemshika, na maana yake ikawa inamfungukia pale pale, bila kubembelezwa: kwamba hakuwa amekosa bidii hata siku moja, alikosa mtu wa kumwambia moto wa chini, na alimkosa kwa kuwa hajamwomba. Akasikia hofu, akasikia na furaha, vyote pamoja. "Nitapika," akasema. "Lakini sitapika peke yangu. Nakwenda kumwomba Chande aje akae na mimi."

"Chande!" Raya akashika kifua. "Apike yeye basi, tujue moja! Umwombe mshindani wako akae akutazame? Watu watasema nini?"

"Watasema. Halafu watakula pilau."

Akavaa kanzu, akanywa maji, akaenda, na koo kweli ilimuunguza njia nzima. Mlangoni kwa Chande alipiga hodi, akakaribishwa, akasimama ukumbini akasema yote bila kuremba: hospitali, jina la hali yake, kipaza sauti, sufuria tatu. "Sikuombi unipikie, Fundi. Nakuomba ukae kwenye kigoda, na maji yakikauka uniambie kuni. Neno hilo moja tu."

Chande alimtazama Vuai, kisha akatazama pazia la chumbani, akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Bi Mtumwa," akaita, "hebu toka uje umwone mwenzangu!" Mkewe akatoka, bibi wa miaka sitini, tasbihi mkononi. "Huyu, Vuai, ndiye saa yangu. Miaka ishirini na sita, kila shughuli ninayopika, hukaa nyuma ya ukuta wa jiko anavuta tasbihi. Akimaliza mizunguko yake hugonga sufuria, nami huchomoa kuni. Siku aliyolazwa hospitali niliukataa mwaliko, nikasingizia mgongo. Wewe ulidhani napika peke yangu?"

"Keti, mwanangu," akasema Bi Mtumwa, akimsogezea kiti. "Jumapili una sufuria ngapi?"