Chumba cha Kumi na Tisa

Mimi ni fundi wa friji, na miaka ishirini nimekwama kwenye chumba cha kumi na tisa. Ni chumba cha gemu la mafumbo kwenye kompyuta: unasukuma masanduku mpaka mlango ufunguke. Wangu umegoma.

Tuliposikia gemu hilo linatengenezwa upya, dada yangu alisema, "Wataliharibu hao." Damu ikanichemka. Nikawaandikia watengenezaji barua ya wazi mtandaoni: "Msiguse kitu!" Mashabiki elfu nne wakaniunga mkono.

Leo limetoka. Nikiwa chumba kilekile, dada akanisomea maelezo kwenye simu: "Chumba cha kumi na tisa hakina njia ya kutoka. Ni kosa letu la zamani. Tulitaka kulirekebisha, mashabiki wakakataa."

"Mashabiki gani hao wapumbavu?" nikafoka.

Dada akanigeuzia simu. Chini ya maelezo hayo kulikuwa na barua yangu.