Pedeli ya Nne

Mjinga wa siku ile alikuwa Isihaka, fundi baiskeli, na hata leo ukimuuliza hakatai. Ataomba tu usimtajie mbele ya dada yake. Saa tatu asubuhi alikuwa amelala chali barazani kwa Sadruddin, muuza vipuri vya baiskeli wa mtaa wa Chikongola, shati limejaa grisi, macho yamezama kwenye tumbo la gitaa lake. Waliopita barabarani waliona miguu miwili yenye ndara ikichomoza chini ya kitu kama meza ya kupigia pasi, wakaendelea na safari zao. Fundi baiskeli akichanganyikiwa, kila mtu ana baiskeli yake ya kuwahi.

Gitaa lenyewe halikumbatiwi kama magitaa ya watu. Linasimama kwa miguu minne, nyuzi kumi zimelala juu, na mpigaji anakaa mbele yake kama mshona nguo. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, na chini mguu unakanyaga pedeli. Kila pedeli ina fimbo nyembamba ya chuma, na fimbo inavuta uzi, basi sauti inapanda au inashuka huku bado inalia, haikatiki, kama mtu anayeomba msamaha. Mzungu mmoja wa kampuni ya gesi ndiye aliyelileta, akalipiga kwenye nyumba aliyopanga Shangani kila jioni kwa miaka mitatu, na Isihaka, aliyekuwa mlinzi wake enzi hizo, akajifunza kwa kutazama. Mkataba ulipokwisha, mzungu alichukua mbwa akaacha gitaa. Isihaka husema alipata bahati. Mbwa alikuwa anauma.

Pedeli zilikuwa tatu, na pembeni palikuwa na nafasi tupu ya nne. Miaka yote hiyo hakuigusa. Sasa alitaka kuijaza, na alichokuwa nacho ni mkono mmoja wa chuma wa kuvutia uzi, wenye tundu moja la fimbo. Maana yake fimbo moja, uzi mmoja, na uamuzi mmoja: uzi ukazwe sauti ipande, au ulegezwe ishuke. Fimbo alishaitengeneza kwa spoku mbili za baiskeli alizoziunga kwa kuchomelea.

"Juu au chini?" Sadruddin aliuliza kutoka nyuma ya kaunta.

"Juu, Sadru bhai."

"Ukitaka kushusha, springi ninayo. Nimekuwekea pembeni."

"Sitaki kushusha."

"Na mwenye koo anasemaje?"

"Nataka kumshtukiza."

Sadruddin akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mimi nilimshtukiza mke wangu kwa kupaka sebule rangi bila kumuuliza. Mwaka wa nane huu, fundi, nalala humo humo sebuleni."

Mwenye koo alikuwa Mwaisha, mke wa Isihaka, mwimbaji wa kikundi cha taarabu cha akina mama wa Mikindani. Kikundi kile kilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeivunja. Kabla ya kupiga chochote, mwimbaji hunywa maji ya tangawizi, kisha huguna polepole mpaka ajue koo lake limeamkia wapi. Hapo ndipo vyombo vyote humfuata. Kinanda kinamfuata, gitaa linamfuata, hata ngoma hupashwa moto upya. Hakuna anayekuja na sauti aliyoitengeneza nyumbani kwake.

Tangu Ramadhani koo la Mwaisha lilikuwa na uvimbe. Walidhani ni rovu tu la kawaida, mpaka daktari alipowaambia kwamba limeushika mshipa wa sauti na kwamba haliwezi kuachwa. Atapasuliwa Dar es Salaam, Jumatano. Basi la kwenda huko ni la Jumanne. Anaweza kuamka na sauti yake, daktari alisema, anaweza kuamka bila sauti. Sentensi ya tatu aliianza akiwa anatazama karatasi, akaiacha njiani. Mwaisha alifunga mtandio wake vizuri shingoni, akauliza choo kiko wapi.

Katika wimbo wake uliompa jina, ubeti wa tatu, kulikuwa na mahali ambapo zamani sauti yake ilipanda ghafla, na wanawake walisimama hata kabla haijafika. Siku hizi akifika hapo hapandi. Anageuka, anashuka, sauti inakwaruza huko chini kama mtu anayetafuta ngazi kwa unyayo. Isihaka kila alipoisikia alisikia shimo. Shimo lile lilimkosesha usingizi, na ndilo alilokuwa akiliziba kwa pedeli.

Akaweka simu sikioni. Ndani yake kulikuwa na wimbo huo huo, uliorekodiwa miaka tisa nyuma na dada yake, Tatu. Akasikiliza pale sauti inapopanda, akakaza nipeli, ile nati ndogo ya spoku, akaibonyeza pedeli kwa mkono, akalegeza kidogo, akasikiliza tena. Jambo lilikuwa gumu, kwa sababu sauti ya Mwaisha haikupanda kwa kipimo cha kinanda. Ilipita kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichokuwa Mwaisha, na kukipata kulimchukua saa nzima, robo ya mzunguko, robo ya robo. Uzi na simu vilipotoa sauti moja, alijifuta macho kwa kiganja.

"Grisi imeingia jichoni," alisema.

"Naona," alijibu Sadruddin. "Grisi ya leo ina maji mengi."

Alasiri ile kulikuwa na sherehe ya akina mama Mikindani, uani kwa bibi harusi aitwaye Farida. Isihaka, mpiga gitaa wao, alifika na meza yake kwenye bajaji, imefunikwa shuka. Tatu, mpiga ngoma wa kikundi, alimnusa kaka yake kwa mbali.

"Kaka, umeoga kwa petroli?"

"Wewe piga ngoma yako."

"Nitapiga, ila nikae mbali na moto."

Mwaisha akacheka, akanywa tangawizi yake, akaguna. Sauti ilikuwa chini kuliko wiki iliyopita. Kinanda kikashuka, gitaa likashuka. Isihaka aliukalisha mguu wa kushoto karibu na pedeli mpya, kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye wa tatu Mwaisha alifumba macho, akaanza kugeuka kushuka, na Isihaka akakanyaga.

Uzi ukapanda. Ukapanda safi, ukapita kile kidogo, na wanawake wote waliokuwa uani wakamsikia Mwaisha wa miaka tisa nyuma akitoka kwenye meza ya kupigia pasi. Vigelegele vikalipuka. Mmoja akashika kichwa. Mama yake Farida, aliyekuwa ameshika doti ya kanga mpya ya kumtuza mwimbaji, aliinuka akicheza, akaja mbele, akampita Mwaisha begani, akaitandaza kanga juu ya gitaa. Wengine wakamfuata, wakalizunguka gitaa, wakalipepea kwa mitandio yao.

Mwaisha hakuacha kuimba. Na hapo, chini ya makelele yale, chini ya uzi wake mwenyewe, Isihaka akamsikia. Huko alikokuwa ameshuka hapakuwa na shimo. Palikuwa na sauti nyingine, nzito, yenye mikwaruzo, inayotembea taratibu kwa hatua zake yenyewe, na kila hatua ilikuwa imepimwa. Ilikuwa nzuri. Aliondoa mguu kwenye pedeli kwa haraka, lakini uani hakuna aliyekuwa akisikiliza huko tena.

Mwaisha aliumaliza ubeti hadi neno la mwisho. Akampa bibi harusi mkono wa heri, akaenda nyuma ya jiko.

Isihaka alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya sufuria za pilau. Yeye Isihaka alikuwa ameshika ile kanga mkononi kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

"Mama Zawadi, hii ni yako," alimwambia mkewe.

"Nimeona ilikowekwa."

"Nilitaka kukusaidia. Pale unapo... pale kwenye wa tatu."

"Pale kuna nini?"

"Nilidhani unaanguka."

"Miezi mitano najifunza kushuka pale," Mwaisha alisema. Aliongea polepole, kwa sababu kuongea kulimuuma. "Naosha vyombo, nashuka. Nafua, nashuka. Wewe uko chumba cha pili, simu sikioni, unasikiliza marehemu."

"Usiseme hivyo."

"Yule uliyewaletea leo ni nani, basi?"

"Ni wewe."

"Mimi nilikuwa nimesimama pale mbele, Baba Zawadi. Walinipita."

Tatu alichungulia mlangoni, ngoma kwapani. Akawatazama wote wawili. Akarudi alikotoka.

"Niliogopa," alisema Isihaka. "Ukirudi bila sauti, mimi nitakaa vipi ndani ya ile nyumba na kimya kile? Nilitaka ibaki mahali. Hata kwenye chuma."

"Kwa hiyo ni ya kwako, hiyo pedeli. Si ya kwangu."

Isihaka akakimbilia kwenye kazi yake, kama afanyavyo siku zote akishindwa. "Nitaifungua. Sadru ana springi, nitaigeuza ishuke, ikufuate wewe. Kazi ya saa moja tu. Jumatatu itakuwa tayari, Jumanne tunapanda basi roho nyeupe."

Mwaisha akaichukua kanga mikononi mwake. Akaikunja mara mbili, akaisawazisha pindo kwa kiganja, akamrudishia.

"Jumanne nakwenda na wifi yangu. Wewe baki na huyo wa kwenye pedeli, yeye haumwi."