Bati la Nyuma ya Besi ya Balagizi

Besi nyekundu ya Balagizi, gitaa la nyuzi nne la mwanamuziki wa Bukavu, ilirudi Kamembe, upande wa Rwanda, mwezi wa saba, mwaka 2002, imefungwa ndani ya kitenge, mikononi mwa mchuuzi aitwaye Mulume. Kabla ya vita watu wa Bukavu na Cyangugu waliijua kwa sauti tu. Redio ikiirusha Jumapili, walinyamaza kuisikiliza. Munyemana, aliyekuwa akijenga hoteli kando ya ziwa, alitaka kuitundika ukutani. Ila alitaka kwanza kuhakikishiwa kwamba ni yenyewe, maana besi nyekundu za namna ile zilikuja nyingi kutoka Ulaya miaka ya sabini. Akaipeleka kwa Mzee Sultani, fundi wa redio na vyombo vya muziki. Sultani akatuma mtu amwite Patricie.

Patricie alikuwa mke wa Balagizi. Miaka sita watu walikuwa wakimwita mjane, naye hakuwahi kulikubali jina hilo. Vita vilipoingia Bukavu, Oktoba 1996, Balagizi alikuwa mbali, Shabunda, amekwenda na besi yake kupiga muziki kwenye harusi. Patricie akawachukua watoto wao, Manzi na mdogo wake Joselyne, aliyekuwa bado ananyonya, akavuka mto Ruzizi. Nyumba aliwaachia jamaa waliokuwa wamekimbia kutoka Uvira. Siku ya pili bomu likaiangukia. Tangu hapo hakupata neno lolote la mumewe. Aliandikisha jina lake kila mahali walipoandika majina ya waliopotea, na kila mara alijibiwa asubiri.

Siku hiyo alitembea kwenda kwa Sultani huku akiomba besi isiwe yenyewe. Balagizi asingeiachia besi yake akiwa hai. Hilo alilijua.

Sultani alikuwa ameilaza juu ya meza na kulegeza nyuzi. Munyemana alisimama pembeni na daftari.

“Funguo za kukazia nyuzi ni nne,” Sultani alisema. “Tatu ni za kiwandani, alama hii hapa. Ya nne ni ya shaba, imebadilishwa. Daraja hili linaloshika nyuzi huku chini, limebadilishwa pia. Kitufe cha sauti kimetolewa kwenye redio.”

Munyemana alifunga daftari. “Basi siyo. Hapa kilichobaki cha asili ni mbao tu.”

Patricie alivuta pumzi ndefu. Alitamani kuondoka kabla hawajasema neno lingine.

“Ngoja, mwanangu,” Sultani alimwambia Munyemana. “Vitu vya kiwandani havinielezi kitu. Funguo kama hizi tatu zipo kwenye besi mia. Lakini hii ya nne niliikata mimi kutoka kwenye bomba la maji, mwaka wa themanini na nane. Na daraja hili nililichonga kwa tupa siku tatu.” Akalifungua, akaligeuza. Chini yake palikuwa na mwezi mdogo uliochongwa, alama yake. Hakumtazama Patricie aliposema, “Pole, Mama Manzi. Ni yenyewe.”

Patricie aliketi. Hakulia. Munyemana alivua kofia.

Sultani akaendelea na kazi, labda kwa sababu hakuweza kukaa bure. Aligeuza besi kifudifudi, akasita. Mfuniko wa nyuma, unaoficha nyaya, ulikuwa wa plastiki nyeusi alipoiona mara ya mwisho. Sasa palikuwa na kipande cha bati.

“Hiki si changu,” alisema.

Alifungua skrubu. Upande wa ndani ulikuwa na maandishi ya kopo la mafuta ya msaada, yale wanayogawiwa wakimbizi, na tarehe ilisomeka vizuri: mwaka 2000. Sultani akapitisha kidole kwenye kingo. Zilikuwa zimekunjwa mara mbili, zisikate mkono.

“Kukunja hivi nilimfundisha mtu mmoja tu,” alisema polepole. “Alikuwa mumeo.”

“Elfu mbili?” Patricie aliuliza. “Muzee, soma tena.”

Akasoma tena. Patricie alicheka kwa sauti, akakimbilia nje alikokuwa amekaa Mulume akingoja malipo yake.

“Hii besi uliitosha wapi, kwa nani?”

“Kwa mwenyewe, Maman. Kamanyola. Vidole vyake vimekazana, hawezi tena kupiga.”

Kamanyola. Kila Alhamisi, kwa miaka mitatu, Patricie alikuwa akishuka Bugarama kununua mchele wa kuuza Kamembe. Kutoka kwenye mashamba ya mpunga mabati ya Kamanyola yanaonekana, ng'ambo ya mto.

Kesho yake alivuka. Uani kwa Balagizi alikuta msichana wa miaka mitatu hivi akichezea maganda ya maharage, na mwanamke mwenye mimba akianua nguo. Mwanamke hakumjua. Alileta kiti, akakifuta kwa kanga yake, akamwambia, “Karibu, Maman, kaa,” kisha akamwita mume wake.

Balagizi alitoka, nywele zimekuwa nyeupe. Alisimama mlangoni.

“Patricie?”

“Papa?” mtoto aliitika.

Patricie alimtazama mtoto, halafu mwanamke, na kile kiti alichofutiwa. Akaelewa. Akaketi chini kwenye vumbi.

“Baliniambia mulikufa bote,” Balagizi alisema. “Bahizire, jirani yetu, alihesabu maiti ndani ya nyumba.”

“Balikuwa bantu ya Uvira.”

“Na batoto?”

“Bazima. Manzi yuko sekondari.”

Balagizi alijifunika uso kwa vile vidole vilivyopinda. “Nililia miaka mbili, Patricie. Kisha huyu akanipikia, akaniosha nguo. Mutoto alipozaliwa nikamupa jina yako.”

Patricie hakupata mtu wa kumlaumu. Mwanamke yule alikuwa analia kuliko wote. Patricie alimshika mkono, akamwambia asilie, ataumiza mimba. Kisha akajipangusa vumbi, akarudi darajani kwa miguu.

Munyemana aliposikia habari hiyo, alimpelekea besi bila kudai kitu. Patricie aliikataa; akasema Mzee Sultani ndiye afikirie pa kuiweka.

Mwezi wa kumi na mbili, Jumapili moja baada ya misa, Balagizi alikuja Kamembe kuwaona watoto. Alivaa koti. Aligonga mlango, akangoja afunguliwe. Manzi alimsalimia kwa mikono miwili, akakaa mbali naye, macho sakafuni. Joselyne alikuwa amefundishwa adabu za wageni. Alimletea Fanta kwenye sinia, akapiga goti kidogo.

“Karibu, Mzee,” alisema.

Patricie alikuwa jikoni. Alisikia, akaendelea kukoroga mchuzi uliokuwa umekwisha kuiva.